Mama Asiye na Uso

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

   

Katika masomo yaliyopita tumesoma barua, tumesoma stakabadhi, na tumesoma tangazo la kazi. Leo tutasoma picha. Labda mmoja wenu atauliza: "Picha husomwaje, nayo haina herufi?" Ni kweli, haina herufi, lakini ina maneno. Mtu aliyeichora alikuwa na jambo la kusema, naye amelisema kwa mistari na rangi. Asiyejua kusoma barua aweza kudanganywa kwa barua. Vivyo hivyo, asiyejua kusoma picha aweza kudanganywa kwa picha, hata kama herufi zote anazijua.

Picha za leo ni katuni, yaani michoro inayotembea na kusema katika sinema au televisheni. Tutazungumza juu ya katuni fupi za kuchekesha zilizotengenezwa Marekani, hasa kati ya mwaka 1940 na mwaka 1960. Ni za zamani, na nchi yenyewe iko mbali. Lakini watoto wetu huzitazama mpaka leo, nasi twapita nyuma yao tukicheka. Yafaa tujue tunacheka nini.

PAKA, PANYA, NA MIGUU MIWILI

Pengine umepata kuwaona Tom na Jerry. Tom ni paka, Jerry ni panya. Paka humfukuza panya nyumba nzima, vyombo huvunjika, na mwisho wake paka ndiye anayeumia. Waliobuni katuni hizo ni Bwana William Hanna na Bwana Joseph Barbera. Ya kwanza ilitolewa mwezi wa Februari mwaka 1940, nayo huitwa Puss Gets the Boot. Toka mwaka huo mpaka mwaka 1958 mabwana hao wawili walitengeneza katuni 114 za paka na panya, na 7 kati ya hizo zilipata tuzo ya Oscar, ambayo ni tuzo kubwa ya sinema huko Marekani.

Katika ile ya kwanza yumo mtu wa tatu. Ni mwanamke mweusi, mnene, mwenye ufagio mkononi. Amekasirika. Anamwambia paka kwamba akivunja chombo kingine, atatupwa nje. Panya anayasikia maneno hayo. Basi anachukua glasi na kutishia kuiangusha, na paka maskini hana la kufanya ila kuidaka.

Mwanamke huyo anajulikana kwa jina la Mammy Two Shoes, maana yake kama kusema "Yaya wa Viatu Viwili". Alionekana katika katuni karibu 20. Sasa fikirini kidogo, ninyi mliomwona. Uso wake ukoje? Hamkumbuki? Si kosa lenu. Uso wake haukuchorwa. Tunaona ndala zake, soksi zake, aproni yake na mikono yake, na sauti tunaisikia. Lakini kichwa chake kiko juu ya picha, mahali tusipopaona. Mara moja tu au mbili uso huo ulipita upesi sana, kama katika Saturday Evening Puss ya mwaka 1950, anapokimbia kurudi nyumbani. Ukipepesa macho, umekwisha kupita.

Kuna watu wanaoeleza hivi: katuni hizi ni za paka na panya, kwa hiyo tunaona kama paka anavyoona, kutoka chini. Paka huona miguu. Maelezo hayo yana ukweli, wala hatuwezi kuyatupa. Lakini mwaka 1956, katika katuni nyingine ya paka na panya hao hao iitwayo Busy Buddies, alichorwa msichana wa Kizungu aliyeachiwa mtoto mchanga amlee. Msichana huyo alichorwa na uso wake wote. Paka alikuwa hajarefuka.

DAKIKA SABA TU

Ili tuelewe jambo hili vizuri, kwanza tujue jinsi katuni zilivyotengenezwa.

Katika sinema picha 24 hupita mbele ya macho kila sekunde. Kila picha imebadilika kidogo tu, na kwa sababu zinapita upesi, jicho letu huona kitu kimoja kinachotembea. Katuni moja fupi ilichukua dakika 7 hivi. Haya, twende polepole tupige hesabu pamoja. Dakika 7 ni sekunde 420. Zidisha kwa 24, utapata picha 10,080. Michoro ilifanywa kwa mkono, ikanakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu, kisha ikatiwa rangi. Kazi hiyo ya wino na rangi, katika studio kubwa, ilifanywa zaidi na wanawake. Waliotunga hadithi na kuongoza kazi walikuwa karibu wote wanaume wa Kizungu.

Katuni hizo zilionyeshwa katika nyumba za sinema kabla ya filamu kubwa. Mtazamaji alikuwa anakaa kitini, anatafuta mahali pa kuweka kofia yake. Katika dakika 7 hakuna nafasi ya kumweleza mtu ni nani, anatoka wapi, na anapenda nini. Mchoraji alitaka mtazamaji amtambue mtu mara moja. Kwa hiyo alitumia sura ambayo watu walikwisha izoea. Daktari alipewa miwani na mkoba. Tajiri alipewa tumbo na sigara kubwa. Mwizi alipewa kinyago cha macho.

Sura kama hiyo tutaiita sura ya mazoea. Ni sura iliyo tayari, kama kalibu ya matofali: unatia udongo, unatoa tofali, nayo yote hufanana. Kwa daktari na mwizi, labda hakuna dhara kubwa. Lakini kwa taifa zima la watu, dhara liko. Tutaona kwa nini.

SURA HIYO ILITOKA WAPI?

Wachoraji wa katuni hawakuianza. Karibu miaka 100 kabla ya Tom na Jerry, toka miaka ya 1830, ilikuwapo michezo ya jukwaani Marekani ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni, wakajichora midomo mikubwa, wakaimba na kucheza wakijifanya watu weusi. Wakati huo mamilioni ya watu weusi walikuwa watumwa. Mtu mweusi wa jukwaani alikuwa mvivu, mwoga, mjinga, mwenye kucheka ovyo. Watazamaji walicheka, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba wamemwona mtu mweusi, kumbe wamemwona Mzungu mwenye masizi.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini michezo ile haikukoma. Ikaingia katika sinema na katika redio, na mwisho katika katuni. Mwaka 1941 studio ya Bwana Walter Lantz ilitoa katuni iitwayo Scrub Me Mama with a Boogie Beat. Hadithi yake ni ya mji wa watu weusi ambao wote wamelala. Mtu amelala, mbwa amelala, wanaogombana wanagombana kwa usingizi. Kisha anafika kwa meli mwanamke mmoja, mweupe wa ngozi kuliko wao, anamfundisha mfuaji jinsi ya kufua nguo kwa muziki, na mji wote unaamka.

Msomaji, angalia vizuri maneno ya picha hiyo. Imesema mambo mawili bila herufi hata moja: kwamba watu weusi ni wavivu, na kwamba weupe wa ngozi ni bora. Watoto waliokuwa katika nyumba za sinema hawakufundishwa mambo hayo kwa ubao na chaki. Walifundishwa kwa kicheko, na somo la kicheko halisahauliki upesi. Wazee wetu wamesema, mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Na yule mama wa viatu viwili? Yeye alikuwa sura ya mazoea ya mtumishi wa nyumbani. Ni kweli kwamba wakati ule zaidi ya nusu ya wanawake weusi wa Marekani waliokuwa na kazi walifanya kazi katika nyumba za watu. Kwa hiyo mtu aweza kusema: "Mchoraji alichora alichokiona." Nami sisemi kwamba kufagia nyumba ni aibu. Kazi hiyo imelisha watoto wengi, hata hapa kwetu. Kosa si kumchora mwanamke mweusi akiwa mtumishi. Kosa ni kumchora akiwa mtumishi tu, siku zote, kana kwamba hakuna mwalimu, muuguzi, mkulima wala mwimbaji aliye mweusi. Kalibu moja haiwezi kutoa watu wote.

ALIYETOA SAUTI

Sasa tumtaje mtu ambaye jina lake halikuandikwa katika katuni hizo. Sauti ya yule mama ilikuwa ya Bibi Lillian Randolph, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1980. Alikuwa mwimbaji na mwigizaji mashuhuri. Katika redio aliigiza mpishi aitwaye Birdie katika mchezo uliopendwa sana, The Great Gildersleeve. Mwaka 1946 aliigiza katika filamu ya It's a Wonderful Life, ambayo watu wengi huitazama kila Krismasi. Humo pia alikuwa mtumishi.

Kwa nini alikubali? Jibu si gumu. Hapakuwa na kazi nyingine nyingi. Mwezi ule ule wa Februari mwaka 1940, paka na panya walipotokea mara ya kwanza, Bibi Hattie McDaniel alipewa tuzo ya Oscar, wa kwanza miongoni mwa watu weusi. Aliipata kwa kuigiza yaya katika Gone with the Wind. Usiku huo wa heshima aliketi meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake Wazungu.

Mwaka 1942 Bwana Walter White, katibu wa NAACP, kile chama kilichoanzishwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi wa Marekani, alikwenda Hollywood kuzungumza na wakubwa wa sinema. Alitaka watu weusi wapewe sehemu za watu wa kila namna, si za watumishi na wachekeshaji tu. Jambo hilo lilileta ugomvi kati ya watu weusi wenyewe. Waigizaji wengine waliogopa. Walifikiri: sehemu za watumishi zikiondolewa, na sehemu nyingine zisipokuja, sisi tutakula nini? Bibi Lillian Randolph alikuwa mmoja wa waliotetea kazi yao.

Ndugu zangu, msifanye haraka kuhukumu upande mmoja. Bwana White alikuwa anaona watoto watakaokuja. Waigizaji walikuwa wanaona kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Wote wawili walikuwa na haki. Aliyekosea ni yule aliyefungua mlango mmoja tu, tena mdogo, kisha akawaacha waliokuwa nje wagombane wao kwa wao.

DAWA TANO

Picha mbaya ikisha kutengenezwa, itafanywaje? Huko Marekani walijaribu dawa tano. Tuzitazame moja moja.

Dawa ya kwanza ni kuificha. Mwaka 1948 chama cha NAACP kililalamika juu ya ile katuni ya mji wa usingizi, na mwaka 1949 kampuni ya Universal ikaiondoa. Mwaka 1968 katuni 11 za kampuni ya Warner, ambazo zilijaa dhihaka juu ya watu weusi, ziliondolewa katika televisheni. Dawa hii huzuia dhara lisiendelee. Lakini ina upungufu. Picha ikifichwa kabisa, wajukuu watasema: "Jambo hilo halikutokea."

Dawa ya pili ni kubadili. Yule mama wa viatu viwili alionekana mara ya mwisho mwaka 1952, katika katuni ambamo ananunua paka wa mashine amfukuze Tom kazini. Baadaye, katika miaka ya 1960, katuni za zamani zilipoonyeshwa katika televisheni, baadhi yake zilichorwa upya. Mama mweusi akafutwa, mahali pake pakawekwa mwanamke mwembamba wa Kizungu, na sauti ikatolewa na Bibi June Foray. Katika nyingine mwili wake uliachwa, lakini sauti ya Bibi Randolph iliondolewa. Katika miaka ya 1990 sauti ikabadilishwa tena, ikawa ya mchekeshaji mweusi, Bibi Thea Vidale.

Fikirini jambo hilo. Kwanza mwanamke mweusi hakupewa uso. Halafu, ili kusahihisha kosa, akaondolewa hata miguu. Na Bibi Randolph, ambaye hakuandikwa jina, akaondolewa hata sauti. Je, hayo ni masahihisho? Ni kama mwalimu ambaye, akikuta jina la mwanafunzi limeandikwa vibaya katika daftari la mahudhurio, anamfuta mwanafunzi.

Dawa ya tatu ni kuionyesha pamoja na onyo. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Warner ilipouza katuni hizo katika diski, iliweka maelezo mwanzoni. Ilisema kwamba dharau iliyomo ilikuwa kosa wakati ule na ni kosa leo, lakini kuificha kungekuwa kama kudai kwamba haikuwapo. Kwa watu wazima dawa hii ni njema. Kwa mtoto wa miaka 5 asiyejua kusoma, onyo ni mistari ya kungojea ipite.

Dawa ya nne ni mchoraji mwenyewe kujifunza. Bwana George Pal, mzaliwa wa Hungaria, alitengeneza Marekani filamu fupi za vinyago vya mbao juu ya mtoto mweusi aitwaye Jasper. Zilichekesha, lakini zilitumia zile kalibu za zamani, naye akalaumiwa. Mwaka 1946 alitengeneza filamu nyingine, John Henry and the Inky-Poo, juu ya shujaa wa hadithi za watu weusi, mfanyakazi wa reli aliyeshindana na mashine kwa nyundo yake. Gazeti la Ebony, la Wamarekani weusi, liliisifu. Kwa hiyo kulaumu kwa maneno mazuri si kazi bure.

Dawa ya tano ni kalamu kushikwa na watu wa namna nyingi. Mwaka 1956 kijana mweusi, Bwana Floyd Norman, aliajiriwa katika studio ya Walt Disney, akashiriki kazi ya filamu ya Sleeping Beauty iliyotolewa mwaka 1959. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake weusi walianzisha kampuni yao ya filamu. Na kwetu Afrika Mashariki pia kalamu imeshikwa. Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilitengenezwa Nairobi, kwa michoro inayofuata mtindo wa mchoraji wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga. Ubongo Kids, zinazofundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, zilianza Dar es Salaam mwaka 2014.

Juu ya jambo hili yafaa niongeze neno moja. Waliochorwa nao waulizwe, kwa maana pengine wana jibu tusilolitazamia. Yuko panya mwingine, Speedy Gonzales, Mmeksiko mwenye kofia pana, mwenye mbio kuliko wote. Mwaka 1999 televisheni moja ya Marekani iliacha kumwonyesha, kwa kuogopa kwamba anawadharau Wameksiko, kwa kuwa panya wenzake huchorwa wavivu. Lakini watu wengi wenye asili ya Meksiko walisema kwamba wanampenda: ni hodari, ana akili, huwasaidia wenzake, na kila mara humshinda paka. Chama chao kimoja kikubwa kikamtetea, naye akarudishwa mwaka 2002. Wale panya wavivu bado ni kosa. Lakini katika panya huyo walicheka pamoja naye, hawakumcheka.

PICHA YETU WENYEWE

Sasa nitawaambia jambo lililonipata mimi, wala si la kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya kutengeneza picha za ukutani za madarasa kama yenu. Zilikuwa 6. Zilifundisha kuchemsha maji, kunawa mikono, kupeleka mtoto kliniki, na mambo kama hayo. Kila picha ilikuwa na sehemu mbili: upande mmoja mtu anayekosea, upande wa pili mtu anayefanya vema. Nilizitazama, nikaona zinapendeza, nikatia sahihi.

Nikazipeleka katika darasa moja na kuzitundika. Mama mmoja mzee, aliyekuwa ameanza kusoma mwaka ule, alisimama akapita mbele ya zote, moja baada ya nyingine, huku akihesabu kwa kidole. Kisha akaniambia:

"Mwalimu, mwanangu, ziko 6. Na mjinga katika zote 6 ni mimi."

Nikamjibu: "Si wewe, mama. Ni mchoro tu."

Akasema: "Kanga ni yangu. Miguu isiyo na viatu ni yangu. Mtungi ni wangu. Mimi nachemsha maji tangu wewe hujazaliwa."

Nikatazama tena. Kweli, katika picha zote 6 aliyekosea alikuwa mwanamke mzee mwenye kanga iliyochakaa. Aliyefanya vema alikuwa kijana mwanamume mwenye viatu na kalamu mfukoni. Hakuna katika kamati aliyekusudia kumdharau mtu. Tulikuwa na nafasi ndogo katika karatasi, tukataka watu waelewe upesi, tukachukua kalibu iliyokuwa karibu. Ni kama wale wachoraji wa dakika 7. Nao wengi wao, nafikiri, hawakuamka asubuhi wakisema, "Leo nitamtukana mtu." Walichukua kalibu.

Na kilichonichoma zaidi ni hiki: mama yule alikuwa ametembea kuja darasani ili aondoke katika ujinga. Alipofika akakuta ukutani picha yake imekwisha wekwa upande wa wajinga, kabla hajashika kalamu.

Tulizichora upya. Safari hii tuliwaita wanafunzi 4 watazame michoro kabla haijapigwa chapa, na yeye alikuwa mmoja wao. Katika picha mpya makosa yamegawanywa: kijana hukosea, mzee hukosea, hata mwalimu hukosea. Na anayechemsha maji ni bibi mwenye kanga. Amechorwa anatutazama, na uso wake unaonekana wote.

MASWALI MATATU

Basi, ndugu zangu, kuanzia leo mkiona picha, iwe ya katuni, ya gazeti, ya tangazo la sabuni au ya ukuta wa darasa, iulizeni maswali matatu.

La kwanza: ni nani aliyeichora?

La pili: ni nani aliyechorwa, na je, amepewa uso, jina, na neno lake mwenyewe la kusema?

La tatu: tunacheka naye, au tunamcheka?

Sikuwaambia mwache kucheka. Mimi mwenyewe bado nacheka paka akigonga mlango kwa pua. Katika ile Saturday Evening Puss, mama wa viatu viwili anawatupa nje paka wote kwa sababu ya kelele za muziki, kisha, nyumba ikiwa kimya, anaweka santuri ile ile asikilize yeye. Hapo nacheka pamoja naye, kwa kuwa nami ningefanya hivyo. Ningependa tu kuuona uso wake wakati ule anaufurahia muziki.

Mtoto wako akitazama, kaa naye. Muulize: "Mbona mama huyu hana uso?" Usimpe jibu upesi. Mwache afikiri.

 

Maneno ya kujifunza

Katuni: michoro inayotembea na kusema katika sinema au televisheni.
Kalibu: chombo cha kutilia kitu ili kipate umbo lile lile kila mara.
Sura ya mazoea: picha moja iliyo tayari, inayotumiwa kuonyesha watu wote wa namna fulani.
Masizi: weusi unaobaki chini ya sufuria au kitu kilichochomwa.
Kumcheka mtu: kumdhihaki. Kucheka na mtu: kufurahi pamoja naye.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini wachoraji wa katuni fupi walitumia sura za mazoea?
2. Bibi Lillian Randolph alifanya kazi gani katika katuni za Tom na Jerry? Ni nini alichonyimwa?
3. Taja dawa tano zilizojaribiwa. Wewe ungechagua ipi, na kwa nini?
4. Tazameni picha zilizo katika ukuta wa darasa lenu. Hesabuni: anayekosea ni nani, na anayefanya vema ni nani? Andikeni jibu kwa sentensi tatu, mkampe mwalimu wenu.